Rodi Peke Yake Haitoshi: Ethi na Usalama wa Stima Nakuru



Mezani mbele yenu nimeweka rodi mbili za ethi. Zote zina urefu wa futi nne, yaani mita 1.2, na zote zinang'aa rangi ya shaba. Sasa tazameni ninavyozisugua kwa tupa. Hii ya kwanza nasugua, naendelea kusugua, na bado naona shaba tu. Hii ya pili, mkwaruzo mmoja umefika kwenye chuma. Kumbe shaba yake ni rangi ya kupakwa. Rodi halali ya chuma iliyovikwa shaba ina ganda la shaba la unene wa takriban robo milimita, na ganda hilo ndilo linaloikinga na kutu kwa miaka mingi chini ya ardhi. Hii ya pili italiwa na kutu upesi, na mwenye nyumba hatajua, kwa sababu balbu zitaendelea kuwaka na redio itaendelea kuimba.

Basi ukienda dukani nenda na kipande cha tupa. Lakini rodi bandia ni sehemu ndogo ya yale yaliyonileta. Hata hii nzuri, ukiipiga nyundo ikazama yote kwenye udongo wa Nakuru, haitamwokoa mtu ikiachwa peke yake. Hilo ndilo neno langu la leo. Nitalitetea kwa hesabu, kwa kuwa nimechoka kusikia mwenye ploti akisema nyumba zake zina ethi, kwa hivyo wapangaji wake wako salama.

Stima inayoingia kwako kutoka kwenye mlingoti huja, kwa nyumba nyingi za kwetu, kwa nyaya mbili: laivu na nyutro. Nyutro imefungwa ardhini kule kwenye transfoma. Waya wa tatu, yaani wa ethi, ule wenye rangi ya kijani na manjano, hautoki mlingotini. Unaanzia kwako, kwenye rodi iliyo nje ya ukuta, na ni jukumu la mwenye nyumba. Kenya Power hawaji kukuchimbia.

Kazi ya waya huo ni hii. Friji ina mwili wa chuma. Siku waya wa laivu utakapochubuka ndani na kugusa mwili huo, stima itatafuta njia ya kurudi kwenye transfoma. Kama mwili wa friji umefungwa kwenye ethi, stima itashuka hadi kwenye rodi, itapita udongoni, na itafika transfoma kwa njia hiyo. Tunachotumainia ni kwamba itakayopita itakuwa nyingi kiasi cha kurusha breka au kuunguza fyuzi. Isipokuwa nyingi, breka itakaa kama ilivyokaa, na mwili wa friji utabaki na stima ukimngoja mtoto anayekuja miguu mitupu kutafuta maziwa.

Je, huwa nyingi? Tupige hesabu. Ugumu wa udongo katika kupitisha stima hupimwa kwa omu-mita. Udongo mzuri wa shambani wenye unyevu unaweza kuwa na omu-mita 100 hivi. Rodi ya mita 1.2 yenye kipenyo cha milimita 16 ikizama katika udongo huo hupata ukinzani wa takriban omu 72. Gawanya volti 240 kwa 72: unapata ampea 3.3. Fyuzi ya plagi ya birika ni ampea 13. Breka ya soketi mara nyingi ni ampea 32, na breka ya aina B ya kiasi hicho inahitaji ampea 160 ndipo ijirushe papo hapo. Ili ampea 160 zipite, njia nzima ya kurudi, pamoja na ethi ya transfoma, isizidi omu moja na nusu. Hata tukisahau ethi ya transfoma, ungehitaji rodi karibu 50 zilizoachiana nafasi ya kutosha, tena katika udongo mzuri. Hakuna ploti Kaptembwo wala Lanet yenye nafasi hiyo.

Hapo ni kwenye udongo mzuri. Sisi tunakaa juu ya majivu. Menengai ilipolipuka katika zama za kale ilimwaga majivu na pumisi juu ya nchi hii yote, na Nakuru imejengwa juu ya tabaka hizo. Ni udongo mwepesi, wenye matundu, unaopitisha maji upesi na kukauka upesi. Ni udongo wa namna ile inayofunguka nyufa mvua zikiwa kubwa. Mtakumbuka Machi 2018 jinsi ardhi ilivyopasuka karibu na Suswa ikaikata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok. Kule Kariandusi, karibu na Gilgil, wanachimba daiatomaiti, mwamba mweupe mwepesi unaovunjika mkononi kama chaki. Ardhi kavu ya namna hii inaweza kupita omu-mita 1,000 miezi ya Januari na Februari. Irudie hesabu: rodi ile ile moja sasa ina zaidi ya omu 700, na stima itakayopita ni theluthi moja ya ampea.

Theluthi ya ampea hairushi hata breka ndogo kabisa. Ila inakula tokeni. Ni wati 80, usiku na mchana, karibu uniti mbili kwa siku. Wako watu wanaolalamika kwamba mita inawaibia, kumbe uniti zao zinamwagika udongoni nyuma ya nyumba, na kila chombo cha chuma kilichofungwa kwenye ethi hiyo kina karibu volti 240 juu yake. Kaka yangu fundi, ukiitwa nyumba ambayo tokeni zinaisha bila sababu, usianze na mita. Anza na uvujaji.

Na theluthi ya ampea ni nyingi kwa mwili wa mtu. Balbu ndogo ya wati 10 hutumia miliampea 40 hivi. Miliampea 10 zikipita mkononi misuli hukakamaa, na mtu hawezi kuachia alichoshika. Zikifika 30 na kuendelea, pumzi hubanwa. Zikizidi hapo kwa sekunde moja au mbili moyo unaweza kupoteza mpigo wake. Kinachotosha kuwasha balbu ya choo kinatosha kuua. Breka ya ampea 32 iliwekwa kuzuia nyaya zisiungue. Haikuwekwa kwa ajili ya moyo wako.

Kifaa kilichowekwa kwa ajili ya moyo wako ni kile mafundi na wenye maduka wanachokiita kwa herufi tatu, RCD. Ndani yake laivu na nyutro hupita pamoja katikati ya pete ya sumaku. Kinachokwenda kikilingana na kinachorudi, pete inatulia. Miliampea 30 zikipotea njiani, ziwe zimepita kwenye rodi au kwenye mwili wa mtu, pete inahisi tofauti hiyo na kukata laivu na nyutro kwa sehemu ndogo ya sekunde. Haisubiri ampea 160. Na hapa Afrika tunayo sehemu katika historia yake: mwaka 1955 mhandisi Henri Rubin alitengeneza kifaa cha aina hii kwa ajili ya migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini, mahali ambapo watu walifanya kazi katika unyevu na joto wakiwa wamezungukwa na nyaya.

Angalia sasa rodi na kifaa hiki vinavyosaidiana. Tunataka mwili wa friji usizidi volti 50. Gawanya 50 kwa ampea 0.03: unapata omu 1,666. Kwa hiyo hata rodi yetu dhaifu ya omu 700 katika majivu makavu inatosha kukiamsha kifaa cha miliampea 30. Kanuni za Waingereza, ambazo mafundi wetu wengi wamelelewa nazo, zinashauri ukinzani usipite omu 200, kwa kuwa udongo hubadilika na rodi ya omu 700 leo haijulikani itakuwa ngapi kiangazi kijacho. Mimi nawashauri vivyo hivyo. Rodi bila RCD, hapa kwetu, ni chuma kilichozikwa. RCD bila rodi itakata pale tu mtu atakapogusa, baada ya kurushwa. Vikiwa pamoja, stima inakatika dakika ile waya ulipochubuka, kabla mtu hajafika.

Tutafikaje chini ya omu 200? Watu wengi hukimbilia rodi nene. Ukiongeza unene maradufu, omu 72 zinashuka hadi 62 tu. Ukiongeza urefu maradufu, kwa kuunganisha rodi mbili na kuzizamisha mita 2.4, zinashuka hadi 40. Basi nenda chini, huko ndiko unyevu ulipo. Mwamba ukikuzuia, piga rodi ya pili na ya tatu kando, ukiziachia nafasi isiyopungua urefu wa rodi moja, uziunge kwa waya wa shaba. Au chimba mtaro wa nusu mita au zaidi ulaze utepe wa shaba. Lakini usifanye nililoliona mara nyingi mno katika mtaa mpya: rodi inagonga jiwe ikiwa imeingia futi moja, fundi anachukua msumeno, anaikata, kile kichwa kilichobaki anakifunga waya vizuri, anakifunika na kisanduku cha saruji. Mwenye nyumba anaona kisanduku, anaridhika. Kukata rodi ni kumwibia mtu uhai wa watoto wake, na nasema hivyo nikijua niko mbele ya mafundi.

Chumvi na makaa bado vinatumika vijijini. Chumvi husaidia msimu mmoja, kisha mvua huisomba, na ile inayobaki huila rodi. Udongo wa bentonaiti, unaoshika maji, ni afadhali zaidi. Wale mnaojenga karibu na ziwa mna hali tofauti: udongo wa magadi hupitisha stima vizuri, ila hula chuma. Kwenu klampu ikaguliwe kila mwaka.

Kwa anayeanza kujenga, njia bora kuliko zote iko kwenye msingi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Mmarekani Herbert Ufer alipewa kazi ya kulinda maghala ya mabomu kule Arizona, jangwani, ambako rodi hazikufaa kitu. Alifunga ethi kwenye nondo zilizo ndani ya zege la msingi, na miaka mingi baadaye vipimo vilikuwa bado vizuri. Sababu ni kwamba zege lililoguswa na udongo hunyonya unyevu na kuushika muda mrefu. Majivu yetu yanakauka kama jangwa lile, kwa hivyo njia hiyo inatufaa sana. Kabla ya kumwaga zege, funga mita 6 au zaidi za nondo pamoja, toa utepe mmoja hadi pale ambapo meni swichi itakaa, ndipo umwage. Jambo moja la kuangalia: nondo ziwe zile za mtaro wa msingi. Zile za sakafu mara nyingi hulala juu ya karatasi ya plastiki ya kuzuia unyevu, na plastiki hiyo hukata njia yote. Nakuru ilipandishwa kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021, na tangu hapo maghorofa yanachipuka Kiamunyi, Ngata na Pipeline. Kila msingi unaomwagwa bila utepe huu ni nafasi iliyozikwa.

Sasa kuna mazoea ya ndani ya nyumba ambayo lazima niyataje. Soketi zetu zina matundu matatu. Pini ndefu ya plagi, ile ya juu, ni ya ethi. Imefanywa ndefu ili iguse kwanza na kufungua vizuizi vya yale matundu mawili ya chini. Nyumba kwa nyumba nimeona kifuniko cha kalamu au kijiti cha kiberiti kimesukumwa kwenye tundu la juu ili chaja ya pini mbili iingie. Chaja yenyewe pengine haina mwili wa chuma na haihitaji ethi. Hatari ni ile kalamu kubaki pale, vizuizi vikiwa wazi, na mtoto wa miaka miwili akiwa na msumari mkononi. Nunua adapta.

La pili ni kuunga ethi na nyutro ndani ya soketi pale ambapo hakuna rodi. Kipimaji kitawaka, mteja atafurahi. Siku nyutro itakapokatika, iwe ni mlingotini au kwenye kiungo kilicholegea, kila mwili wa chuma ndani ya nyumba utapanda volti 240 kwa mpigo, kupitia vyombo vyenyewe vilivyowashwa. Hakuna kisingizio kinachoruhusu kazi hiyo.

La tatu ni bafuni. Shawa ya umeme tunayoipenda asubuhi za baridi ya Njoro na Molo hutumia zaidi ya kilowati 5, na nyingi zina waya wa kuchemshia ulio wazi ndani ya maji. Maji ya visima vyetu yana madini mengi. Floraidi inayotia meno madoa mnaijua nyote. Maji yenye chumvichumvi hupitisha stima vizuri zaidi, kwa hivyo shawa kama hiyo huvuja, na RCD, ikifanya kazi yake, hukata. Mwenye nyumba anakasirika, anamwita fundi, fundi anaunga nyaya kupita nje ya RCD, na sasa mtu aliyelowa maji amesimama uchi chini ya chombo kisicho na mlinzi. RCD inayokata inakupa habari. Badilisha shawa, tafuta iliyotengenezwa kwa maji ya chumvi au yenye waya uliovikwa, na kama pesa hazipo chemsha maji kwenye sufuria hadi zipatikane.

Kaptembwo na Rhonda kuna nyumba za mabati. Waya mmoja uliochubuka dirishani, au msumari mmoja uliopigwa pabaya, hutia stima ukuta mzima, na kamba ya nguo ya chuma iliyofungwa kwenye ukuta huo nayo pia. Nyumba hizo ndizo zinazostahili RCD kwanza, na mabati yenyewe yaungwe kwenye ethi. Mara nyingi ndizo zinazopata mwisho au zisipate kabisa, kwa sababu kodi yake ni ndogo. Sikubaliani na hesabu hiyo hata kidogo.

Niwaambie wafugaji neno fupi. Ng'ombe ana miguu minne iliyoachana zaidi ya mita, na moyo wake uko katikati ya njia. Volti chache ambazo wewe mwenye viatu vya mpira huwezi kuzihisi humfanya akatae kuingia mahali pa kukamuliwa, au azuie maziwa. Ukiona ng'ombe wote wanarudi nyuma kwenye mlango ule ule, pima sakafu kabla ya kumwita daktari wa mifugo. Wavu wa chuma ndani ya zege la sakafu, uliofungwa na mabomba na ethi, huondoa tofauti ya volti kati ya miguu yake. Wahandisi wa vituo vikubwa, kama Olkaria na Suswa, hufanya jambo hilo hilo kwa wavu wa shaba chini ya uwanja mzima, na kokoto zilizomwagwa juu yake zimewekwa ili kumtenga mfanyakazi na ardhi endapo hitilafu itatokea. Waya wa mlingotini ukianguka shambani, usiukaribie wala usikimbie kwa hatua ndefu; ondoka ukiburuta miguu pamoja.

Wizi wa shaba nao ni suala la ethi. Mwizi akikata waya unaoshuka kutoka kwenye transfoma hadi ardhini, anakata ile njia ya kurudi niliyoieleza mwanzoni, kwa nyumba zote za kijiji, na huenda RCD zote zikakosa cha kuhisi. Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara ya vyuma chakavu baada ya milingoti mikubwa kuharibiwa. Kwa kijiji, ulinzi ulio karibu ni jicho la jirani: ukiona waya wa chini ya transfoma haupo, toa taarifa siku hiyo hiyo.

Nimebakiza kupima, na hapa ndipo kazi nyingi hushindwa. Ukinzani wa rodi hauonekani kwa macho wala kwa kipimaji cha bisibisi. Unahitaji kipima-ethi chenye vijiti viwili vya kuchomeka ardhini: cha mbali kinapitisha stima ya kupimia, cha kati kinasoma volti, kikiwa takriban asilimia 62 ya umbali kutoka kwenye rodi hadi kijiti cha mbali. Sogeza cha kati kidogo mbele na nyuma. Namba zikikaribiana, kipimo ni cha kuaminika. Zikirukaruka, ongeza umbali uanze upya. Pima kiangazi, usipime Aprili mvua ikinyesha, maana utaandika namba ambayo haitakuwepo Februari.

Sheria iko upande wenu. Chini ya Sheria ya Kawi ya 2019, mamlaka ya EPRA ndiyo inayowapa mafundi wa stima leseni, na kazi ya kuweka nyaya hutolewa cheti na mwenye leseni. Cheti hicho hakipaswi kuwa karatasi ya kununuliwa ili mita ifike. Kinapaswa kubeba kipimo kilichosomwa ardhini kwako.

Kwa hivyo, mwenye nyumba, kabla hujamlipa fundi salio lake, mwombe kipimo cha omu kiandikwe kwenye cheti na umwone akikipima. Halafu nendeni pamoja kwenye RCD, bonyeza kitufe kilichoandikwa T, na stima ikatike mbele ya macho yenu. Isipokatika, kazi haijaisha. Na wewe mpangaji, ukifika nyumbani leo jioni, kitafute kitufe hicho ukibonyeze. Na kama hakuna, kesho mwambie mwenye ploti, naye akikawia, mwambie tena.